Maneno Ndani ya Picha: Swali la Lugha katika Hadithi za Picha za Kongo

Hadithi ya picha haijengwi kwa michoro peke yake. Mchoraji huugawa ukurasa katika visanduku, huyapanga matendo yafuatane, kisha huwatia wahusika maneno vinywani. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, kwani mwenye kalamu ndiye huamua nani aseme, na aseme kwa lugha gani. Historia ya Kongo yashuhudia hayo.

Mnamo Juni 1930, Le Petit Vingtième, gazeti la watoto la Ubelgiji, lilianza kuchapa safari ya Tintin nchini Kongo. Hergé, mchoraji wake, hakuwahi kuikanyaga nchi hiyo. Wakongo aliowachora walisema Kifaransa kilichovunjika. Mgeni ndiye aliyekuwa na lugha kamili. Katika shule ya misheni, Tintin aliwafundisha watoto kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Hadithi ilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, somo hilo liligeuzwa kuwa hesabu. Somo lilibadilika, mwalimu alibaki yule yule.

Mageuzi yalikuja kalamu ilipohamia mikononi mwa Wakongo. Jeunes pour Jeunes, jarida lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1968, lilileta wahusika kama Apolosa, na kurasa zake zikaupokea usemi wa vijana wa mjini, uitwao Hindubill, unaochanganya Lingala na Kifaransa. Mwaka 1990 Papa Mfumu'eto alianza kutoa vijarida vyake mwenyewe kwa Lingala, msomaji akakuta humo sauti ya mtaa wake.

Je, Kiswahili kilikuwa wapi? Jibu moja limo katika kazi ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga. Mnamo 1973 na 1974 alimsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi nzima kwa picha zipatazo mia moja. Hizo si hadithi ya picha kwa maana halisi, lakini zinafuatana kama visanduku vyake, na kila moja inaidai inayofuata. Alizieleza kwa Kiswahili. Hata hivyo, maandishi aliyoyatia juu ya turubai yalikuwa hasa ya Kifaransa. Kitabu cha Fabian kilipotoka mwaka 1996, masimulizi hayo yalitolewa kwa tafsiri ya Kiingereza.

Kwa hiyo Kiswahili kilibeba hadithi yote, lakini kikabaki nje ya picha. Sababu haikuwa uchache wa maneno, bali mazoea ya kudhani kwamba Kiswahili cha Lubumbashi ni cha kusemwa tu, si cha kuandikwa. Mwanafunzi atakayechora hadithi fupi, hata ya visanduku vinne, na kuwaacha wahusika waseme kama wasemavyo sokoni, atakuwa ameyajibu mazoea hayo kwa vitendo.