Kanisa la Alumini Lililovuja Tangu Mwanzo

Tangu Septemba 2019, kanisa la Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, karibu na Colorado Springs, limefungwa. Minara yake 17 ya alumini, iliyopangwa bega kwa bega kwa umbo la herufi A na kufika mita 46 kwenda juu, imefunikwa na banda kubwa la mafundi. Kisa ni paa kuvuja.

Miaka ya 1950 Wamarekani walizipenda nyumba za paa linaloshuka mpaka chini, hasa za mapumziko ziwani na milimani. Kanisa hili lina umbo hilohilo. Msanifu wake, Walter Netsch, alizunguka Ulaya akitafuta wazo. Kanisa la Assisi, Italia, likamwonyesha kwamba ibada zinaweza kupangwa ghorofa juu ya ghorofa. Akawaweka Waprotestanti juu, Wakatoliki na Wayahudi chini yao.

Katika Bunge la Marekani hapakukalika. Mwaka 1955 mbunge John Fogarty wa Rhode Island alikishambulia chuo kizima kwa kujaa vioo na chuma. Mheshimiwa huyo alikuwa fundi matofali kabla ya siasa, kwa hiyo alikuwa na lake jambo. Mwaka 1957 zamu ikawa ya kanisa. Waliolifananisha na kodiani walicheka, wengine wakaona mahema ya Wahindi Wekundu. Wabunge wakapiga kura kulinyima fedha, kisha wakageuka wakazirudisha.

Kelele zote hizo zilihusu sura. Netsch alikuwa amechora mikanda chini ya alumini, ya kuyapokea maji yanayopenya na kuyatoa nje. Bajeti ilipobanwa, mikanda ikaondolewa, viungo vikazibwa kwa gundi. Huko milimani jua la mchana hutanua alumini na baridi ya usiku huisinyaza. Gundi ikapasuka, ikazibwa upya, ikapasuka tena.

Kanisa lilikamilika mwaka 1962, likapewa tuzo 1996, likatangazwa urithi wa taifa 2004, likivuja muda wote huo.

Ujenzi uligharimu dola milioni 3.5. Ukarabati ulianza kwa mkataba wa milioni 158, ikakutwa asbestosi, hesabu ikavuka milioni 200, na tarehe ya kufungua ikasogezwa mbele. Sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kubandua alumini na kufunga mikanda aliyoitaka Netsch, aliyefariki mwaka 2008.