Mzigo wa Masingini: Tarehe ya Njia za Unguja

Tarehe nyingi za reli ya Unguja huanzia Forodhani, kwa kuwa ndiko treni ilikoanzia safari. Hii inaanzia juu, kwenye mgongo wa Masingini, maana bila mazao ya huko njia zenyewe zisingekuwa na kazi. Mgongo huo haufiki mita 130 kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo una udongo mzito na mvua ya kutosha, ilhali mashariki ya kisiwa ni maweni matupu, na ndiyo maana karafuu ilikubali huku ikakataa kule.

Karafuu ilipandwa Mtoni na Kizimbani mapema katika karne ya 19. Mtawala Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, aliieneza mashamba kwa mashamba, na kule juu Kidichi akamjengea mkewe wa Kiajemi hamamu. Kati ya Mtoni na mjini wakubwa walikwenda kwa mashua au kwa wanyama wa kupanda. Binti wa Sayyid Said, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliandika maisha hayo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886.

Karafuu yenyewe ilikuwa na safari nyingine. Frasila moja ni karibu kilo 16. Kabla haijafika forodhani kupimwa, ilichumwa, ikaanikwa, ikatiwa guniani, kisha ikateremshwa kwa vichwa, mabega na migongo ya punda. Walioifanya kazi hiyo walikuwa watumwa, na hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria hadi mwaka 1897. Majina ya wenye mashamba tunayo. Ya wachukuzi karibu yote yamepotea, na hasara hiyo inaniuma kuliko kupotea kwa reli yoyote.

Mangapwani, kaskazini ya Bububu, ndipo pahali pazito zaidi pa tarehe hii. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko lao mjini likafungwa. Biashara ikaingia mafichoni. Juu ya ufukwe, ndani ya jiwe la matumbawe, kikachimbwa chumba cha kuwafichia watu, na kutoka hapo ikashuka njia nyembamba hadi pwani, walikopakiwa majahazini. Ni njia iliyopangwa kwa akili nyingi, kazi yake ikiwa hiyo moja.

Barghash huyo huyo, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta reli ya kwanza. Mwaka 1879 ilitandikwa njia ya kama maili 7 kutoka kwenye kasri lake mjini kwenda Chukwani, kusini, ambako alikuwa na kasri jingine. Mabehewa yalivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 ikaagizwa injini ya mvuke kutoka Uingereza. Alipofariki, reli ikafa naye. Ilikuwa reli ya Sultani, wala haikugusa mashamba ya juu.

Kazi ya Barghash iliyowafaa watu wengi zaidi ni mfereji. Maji ya chemchemi za upande wa Bububu yaliteremshwa hadi mjini kwa uzito wake yenyewe, bila mashine, yakafika majumbani na kwenye mabirika ya Hamamni. Katika yote yaliyowahi kuteremka kutoka huko, hayo ndiyo yaliyoshuka bila kumchosha mchukuzi.

Reli ya pili ilijengwa na kampuni ya Arnold Cheney ya New York mwaka 1905: maili 7 nyingine, kutoka Ngome Kongwe kwenda Bububu. Ilipenya Malindi, nyumba zikiwa karibu kabisa na reli, kisha ikafuata pwani. Ilipofika Bububu, ambako ardhi inaanza kuinuka, ikakoma. Huko bara, wajenzi wa reli ya Uganda walipofika ukingoni mwa Bonde la Ufa, upande wa Kikuyu, karibu na mwaka 1900, waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma mpaka njia ya kudumu ilipokamilika. Unguja mteremko uliachiwa punda, gari la ng'ombe na mtu. Treni ya Bububu iliacha kuchukua abiria mwaka 1922, ikabaki kusomba mawe ya kazi za bandari hadi 1928.

Mteremko wa Bububu una funzo hata kwa vijana wanaochora ramani za nchi za kubuni, kwa ajili ya riwaya na michezo ya kompyuta, ambao hupenda kuweka mji mmoja juu ya jabali na mwingine bondeni, na kuiunganisha miji hiyo kwa vyombo vya ajabu. Waitazame Unguja kwanza. Bandari hukaa penye maji ya kutia nanga na shamba hukaa penye udongo, lakini njia ya katikati huamuliwa na mwenye mzigo, mara chache sana na aubebaye. Ramani isiyomwonyesha mchukuzi bado haijakamilika.

Baada ya treni yalikuja malori yenye bodi za mbao, kisha daladala. Barabara ya lami sasa inapanda hadi Kidichi na Kizimbani, na watalii wanaipanda kila siku kwenda kuonyeshwa viungo. Vipande vya mfereji wa Barghash bado vinaonekana kando ya barabara ya Bububu. Ningependa Kizimbani kiwekwe kibao, kiwaeleze wageni hao jinsi karafuu ilivyofika bandarini kabla ya lami, na nani aliyeibeba.