Mutuini na Safari Ndefu ya Taka

Nairobi ilianza kuogopa taka kwa sababu ya panya. Reli ilifika mwaka 1899, vibanda vya mbao na mabati vikabanana katika Soko la Wahindi, na maji machafu hayakuwa na pa kwenda. Mwaka 1902 tauni ikaingia. Wakuu wa mji walilitia soko moto.

Tangu hapo usafi ukawa jambo la amri. Kanuni za kwanza za mji, zilizotangulia tauni mwaka 1900, zilihusu eneo dogo tu, maili moja na nusu kutoka ofisi ya mtawala Mwingereza. Ikafuata Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921, inayotumika hadi leo kama Sura ya 242. Chini yake lundo la taka linalodhuru afya ni kero, na mwenye kero anaweza kupelekwa mahakamani.

Mutuini, huko Dagoretti magharibi mwa Nairobi, haikuwa ndani ya duara hilo la maili moja na nusu. Dagoretti yote ilihesabiwa kuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu, na huko taka zilikuwa na njia yake. Maganda ya viazi, mabua ya mahindi na makapi ya maharagwe yalianzia kwa mbuzi na ng'ombe. Kilichokataliwa na mifugo kilichanganywa na majivu na samadi kwenye kiara, jaa la boma, kikaoza, kisha kikarudishwa shambani. Mashamba yalipopimwa upya katika miaka ya 1950, nyua za kayaba zikaenea mipakani. Matawi yake yenye miiba yalipokatwa, yaliziba mapengo ya ua uleule au yakakaushwa yawe kuni. Hakuna aliyengoja siku ya kuzoa taka, maana kazi hiyo ilifanyika kila jioni wakati wa kulisha mifugo.

Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilisukumwa mbali sana. Eneo la jiji likapanda kutoka takriban kilomita 90 za mraba hadi karibu 700, na Mutuini ikaamka ikiwa mjini. Lakini utaratibu wa kanjo, yaani baraza la jiji, ulikuwa umepangwa kwa mitaa ya lami: pipa langoni, wazoaji, lori. Njia za udongo kati ya mashamba hazikuwa zimefikiriwa, na kwa muda mrefu wenyeji hawakuona pengo lolote, kwa kuwa kiara kilikuwa bado kinafanya kazi.

Huko mitaani nako mambo yalikuwa yakienda vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Baraza la Jiji lilisemekana kuzoa takriban asilimia 90 ya taka zake. Kisha watu wakaongezeka, malori yakaharibika bila kutengenezwa, na kufikia mwaka 1998, shirika la Kijapani la JICA lilipochunguza hali hiyo, taka zilizozolewa hazikufika nusu. Pengo lilijazwa na kampuni binafsi, zilizoanza katikati ya miaka ya 1980 kwenye mitaa ya wenye uwezo, na baadaye na vikundi vya vijana wenye mikokoteni. Hapo desturi mpya ikazaliwa: mfuko wa plastiki mlangoni siku ya gari, na asiyelipa apitwe. Usafi uliotungiwa sheria kwa ajili ya afya ya wote ukawa huduma ya kununua, na hilo ni kosa ambalo jiji halijalirekebisha.

Taka nyingi ziliishia Dandora, katika machimbo ya zamani yaliyoanza kujazwa katika miaka ya 1970. Ilipofika 2001 jaa hilo lilikwisha kutangazwa kuwa limejaa, na malori bado yanaingia. Mfuko unaotoka Mutuini hulazimika kulivuka jiji zima, kutoka magharibi hadi mashariki.

Sheria zimeendelea kukaza kamba. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inaitaka kila nyumba itenge taka zinazooza na zisizooza. Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliagiza taka zinazooza ziwekwe katika mifuko inayooza yenyewe, na ikatoa siku 90.

Bibi wa Mutuini mwenye ng'ombe mmoja amekuwa akitenga hivyo maisha yake yote. Tatizo liko kwa jirani yake. Shamba la zamani limegawanywa, ploti za kupangisha zimesimama palipokuwa na majani ya nepia, na mpangaji wa chumba kimoja hana ng'ombe wala mahali pa kuchimba shimo. Maganda yake ya ndizi yanalala mfuko mmoja na nepi za mtoto, ilhali ng'ambo ya ua wa kayaba mfugaji ananunua malisho. Sheria ya 2022 inazidai kaunti vituo vya kuchambulia taka. Kituo kimoja kidogo Mutuini, karibu na wafugaji waliobaki, kingeyapa maganda hayo njia fupi, na lori lingebeba kwenda Dandora kile tu ambacho ng'ombe hali na udongo haumezi.