Kuvunja Jeni ili Kujua Kazi Yake

Kazi ya jeni huonekana vizuri zaidi jeni hiyo inapoharibika. Mwaka 1927 Hermann Muller alionyesha kwamba eksirei hubadili jeni za inzi wa matunda. Mwaka 1941, huko Stanford, George Beadle na Edward Tatum walichapisha matokeo ya kuimulika kuvu ya mkate kwa eksirei hizo na kuziotesha spora zake moja moja. Ya 299 ilikataa kukua katika chakula duni mpaka iongezewe vitamini B6: jeni moja ilikuwa imeharibika, na utengenezaji wa vitamini hiyo ukakwama.

Huko Heidelberg, Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walikagua kwa maelfu mabuu ya uzao wa inzi walioharibiwa jeni kwa kemikali, darubini ikitumiwa na wote wawili kwa pamoja. Aina moja ya mabuu iliota vijimiiba tele, na jeni yake ikapewa jina la kalunguyeye. Utani huo wa maabara sasa umo katika vitabu vya saratani. Matokeo yalitoka 1980. Tuzo ya Nobel ikafuata 1995.

Lakini eksirei na kemikali hupiga popote. Kasoro ikishaonekana, kuisaka jeni iliyoguswa kuliweza kula miaka. Tena seli ya binadamu ina nakala mbili za karibu kila jeni. Moja ikivunjika, ya pili huishikia kazi. Mbinu ya kuzima jeni kwa RNA, iliyoelezwa na Andrew Fire na Craig Mello mwaka 1998, ilipunguza tatizo, ila mara nyingi jeni zilizimika nusunusu na nyingine zisizokusudiwa zikaguswa.

Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha kwamba protini ya bakteria, Cas9, huikata DNA pale inapoelekezwa na RNA fupi. Januari 2014 maabara ya Feng Zhang, Massachusetts, ilitangaza RNA elekezi 64,751 zilizolenga jeni 18,080, zikiingizwa kwa virusi, takriban moja kwa kila seli. Seli za saratani ya ngozi ziliwekewa dawa ya vemurafenib kwa siku 14. Zilizopona zikahesabiwa, na kuhesabu hakukuwa kugumu: maelezo ya RNA elekezi hubaki ndani ya DNA ya seli kama lebo. Kisu kimeacha anwani, na msako wa miaka umekuwa usomaji wa orodha. Jeni za NF2 na CUL3 zilijitokeza hivyo: zikivunjika, seli huistahimili dawa.

Mwaka 2015 watafiti wa Boston walipekua kwa njia hiyo kipande cha DNA kinachoiendesha jeni ya BCL11A, ile inayozima hemoglobini ya kijusi, wakapata sehemu yake dhaifu. Sehemu hiyo ndiyo inayokatwa na Casgevy ili kuiwasha tena hemoglobini hiyo; ni tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023. Bei yake iliyotangazwa Marekani mwaka 2023 ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.