Mikanda ya Miguu na Udhibiti wa Ubao wa Tanga Mawimbini: Kailua, Hawaii, Miaka ya 1970

Historia ya ubao wa tanga kwa kawaida huanzia kwenye hataza ya Jim Drake na Hoyle Schweitzer, iliyoombwa Marekani mwaka 1968 na kutolewa mwaka 1970. Kiungo kilichouruhusu mlingoti kuinama pande zote kilimwezesha mwendeshaji kukiongoza chombo kwa tanga lenyewe, bila usukani. Hata hivyo, hataza hiyo haikutatua tatizo la mawimbi: kila ubao uliporuka wimbi, miguu iliachana nao, na mwendeshaji akaanguka.

Suluhisho halikutoka kwa wenye hataza, bali kwa watumiaji. Huko Kailua, katika kisiwa cha Oahu, mwishoni mwa miaka ya 1970, Larry Stanley na wenzake walifunga mikanda ya miguu juu ya ubao. Mikanda hiyo iliushikilia ubao hewani, ikampa mwendeshaji uwezo wa kuugeuza kwa kukandamiza kisigino au vidole. Kipimo chake kilikuwa suala la usalama: mkanda uliolegea mno uliupitisha mguu hadi kifundoni, na uliobana mno haukuuachia wakati wa kuanguka. Kwa hiyo kila mwendeshaji alilazimika kuurekebisha kwa mguu wake.

Eric von Hippel, katika *Democratizing Innovation* (2005), analitumia tukio hili kama mfano wa uvumbuzi wa watumiaji. Historia inayoegemea hataza pekee, basi, huhifadhi majina ya waliosajili na kuwasahau waliorekebisha.