Kamba inayowasha taa mwizi akiigusa: inavyofanya kazi na tulichokiona tulipoijaribu Shelui

Usiku wa Shelui una kelele zake. Malori yanashuka Mlima Sekenke kuelekea Nzega, mbwa wanabweka kila lori likipiga breki, na watu wameshazoea, hawatoki tena nje kisa mbwa. Asubuhi ndipo mwenye mji anahesabu mbuzi na kukuta mmoja hayupo. Au kuku. Au paneli ya sola iliyokuwa juu ya paa.

Kuna kifaa cha bei chee ambacho mafundi wengi wa redio na bodaboda wanaweza kukuundia ndani ya saa moja: kamba inayovuka njia, ikiguswa inawasha taa. Majeshi yamekuwa yakitumia kamba za namna hii kwa miaka mingi, zikifyatua fataki za mwanga ili adui aonekane gizani. Hii ya nyumbani haina baruti. Ina betri, taa na kibanio cha nguo.

Ndiyo, kibanio cha nguo.

Kila jino la kibanio linazungushiwa waya wa shaba uliochunwa, waya mmoja ukitoka kwenye betri na mwingine ukienda kwenye taa. Katikati ya meno kinapachikwa kipande cha plastiki, hata kile cha kukata kwenye dumu la mafuta. Plastiki inazuia umeme usipite. Kibanio kinafungwa imara kwenye nguzo, plastiki inafungwa kwenye kamba, na kamba inavuka hadi nguzo ya pili. Mtu akipita, kamba inaivuta plastiki, meno yanabana, shaba inagusa shaba na taa inawaka. Haizimiki mpaka mtu aje airudishe plastiki.

Hapo ndipo inapotofautiana na zile taa za sola zenye sensa zinazouzwa madukani. Sensa hizo zinahisi mabadiliko ya joto, yaani mwili wenye joto ukipita mbele ya mazingira yaliyopoa. Jioni ya joto, ukuta na ardhi vikiwa bado vina moto wa mchana, tofauti hiyo inapungua na sensa inaona kwa shida. Halafu nyingi zinazima zenyewe baada ya muda mfupi. Kamba haijali joto, na taa yake inabaki inawaka kama ushahidi kwamba kuna kitu kimepita.

Umeme wake nao ni mdogo. Kamba ikiwa haijaguswa, taa haili chochote. Ikiwaka, taa ya wati 10 kwenye betri ya volti 12 inakula chini kidogo ya ampea moja, kwa hiyo betri ndogo ya saa-ampea 7 kwa hesabu inaweza kuiwasha kwa karibu saa 8. Usiiache ikauke kabisa lakini, betri za aina hiyo zinakufa mapema zikifanyiwa hivyo.

Tuliifunga kwenye mji mmoja wenye zizi la mbuzi na banda la kuku, uzio wake ukiwa wa minyaa.

Jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba taa peke yake haimwamshi mtu. Iliwaka, ikamulika uwanja wote, na mwenye mji akaendelea kukoroma. Fundi akaongeza honi ya pikipiki kwenye nyaya zilezile. Honi inakula umeme kuliko taa, ila hapo hata majirani waliamka.

Cha pili ni upepo. Singida inafahamika kwa upepo kiasi kwamba imekuwa ikitajwa kwenye mipango ya kuzalisha umeme wa upepo, na upepo huohuo unatikisa kamba nene mpaka plastiki inachomoka. Kamba ya katani ni mbaya zaidi maana ikilowa inajikaza yenyewe. Mshipi wa kuvulia samaki ndio uliotulia: mwembamba, haunywi maji, na usiku hauonekani.

Urefu kutoka chini ulituchukulia muda kuliko kitu kingine. Fisi madoa ana kimo cha sentimita 70 hadi 90 begani, kwa hiyo kamba ya sentimita 40 hivi inamgusa miguuni, na binadamu inamgusa karibu na goti. Kuku na paka wanapita chini bila shida. Tatizo ni kwamba kicheche naye anapita chini, na yeye ndiye mwizi mkubwa wa kuku. Kwa kicheche hakuna ujanja wa kamba, ziba matundu ya banda.

Kenya, kijana Richard Turere wa Kitengela, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alipata umaarufu kwa njia nyingine. Akiwa na miaka 11 alifunga taa zinazomweka kwa zamu kuzunguka zizi la baba yake, ili simba wadhani kuna mtu anatembea na tochi, na mwaka 2013 alilieleza hilo kwenye jukwaa la TED Marekani. Taa zake zinafanya kazi usiku kucha kumfukuza mnyama. Kamba inasubiri aguse, na kazi yake hasa ni kukuamsha wewe.

Sasa kuhusu hatari. Kamba hii isivuke kamwe njia ya watu wala ya bodaboda, hata kama njia inapita kwenye shamba lako. Mshipi usioonekana gizani unaweza kumwangusha dereva akafa. Weka ndani ya uzio wako tu. Usiweke misumari, na usithubutu kuunganisha waya na umeme wa TANESCO. Huo wa volti 230 hauchagui kati ya mwizi na mwanao. Waya wa kunasa wanyamapori nao ni kosa jingine kabisa, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ipo.

Na aliyeguswa na kamba si lazima awe mwizi. Kwenye jaribio letu, mmoja wa walioiwasha alikuwa mtoto wa palepale nyumbani akienda chooni. Angekutana na mtu aliyekurupuka na panga, tungekuwa tunaandika habari nyingine. Kwa hiyo njia ya choo ibaki wazi, kila anayelala hapo aambiwe kamba iko wapi, na taa ielekezwe nje ya nyumba, siyo mlangoni, ili anayetoka asipofushwe. Ikiwaka, chungulia dirishani kwanza. Ukiona ni mtu usiyemjua, ita majirani au walinzi wa kijiji, au piga 112 ya polisi. Usitoke peke yako.

Masika yakianza, shaba ya kwenye kibanio inaota kutu ya kijani na taa inagoma kuwaka. Isugue kwa msasa kila baada ya wiki chache, kisha vuta kamba mwenyewe jioni moja kuhakikisha.