Kushoto mwa Redio Yako

Katika muda wa miezi mitatu tu, mwaka 2025 ulituondolea sauti mbili ambazo Afrika Mashariki haitazisikia tena uwanjani. Tarehe 7 Februari alifariki Mzee Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, na tarehe 11 Mei akamfuata Charles Hilary, mzaliwa wa Unguja. Magazeti yalimtaja wa kwanza kwa kipindi chake cha Je, Huu ni Uungwana?, na wa pili kwa wadhifa wake wa msemaji mkuu wa Serikali ya Zanzibar, na kwa haki yaliwataja hivyo. Lakini sisi tuliolelewa mbele ya redio ya betri tuliwalilia kwa jambo jingine, kwamba walikuwa miongoni mwa wachache waliojaaliwa kumwonesha mtu mpira ilhali amekaa mwendo wa siku mbili kutoka uwanjani.

Fani hiyo tuliipokea kutoka ng'ambo. Tarehe 22 Januari 1927, BBC ilipotangaza kwa mara ya kwanza mchezo wa ligi ya Uingereza, Arsenal na Sheffield United katika uwanja wa Highbury, gazeti la shirika hilo lilikuwa limekwisha kuchapa ramani ya uwanja iliyokatwa miraba yenye namba, na kando ya mtangazaji alikaa mtu wa pili, kazi yake kutaja namba ya mraba ulimo mpira, ili msikilizaji afuatilie kwa kidole. Huku kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kufikia mwaka 1965 ilikuwa imegeuka kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wenyewe tuliiita RTD. Wala msikilizaji wa Pangani au wa Newala hakuletewa ramani yoyote. Kina Ahmed Jongo, Mshindo Mkeyenge na Dominic Chilambo walimpa kitu chepesi zaidi, na kwa rai yangu kilicho bora zaidi: walimwambia kwamba Yanga wanashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako. Basi kile kisanduku cha National juu ya meza kikawa ndicho uwanja, na kila jicho likakielekea.

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na duka Pangani, na barza yake ilijaa kila siku ya mpira. Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba watu walikaa kwa kufuata maneno ya mtangazaji, wapenzi wa Simba upande ambao timu yao inashambulia na wapenzi wa Yanga upande wa pili, na wakati wa mapumziko, timu zilipobadilishana magoli, nao walinyanyuka na vikombe vyao vya kahawa wakabadilishana mabao ya kukalia bila ya kuamrishwa na mtu.

Kisa alichokipenda kuliko vyote, na kilichomuudhi kuliko vyote, ni cha Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 1974, siku Simba na Yanga walipokutana Mwanza, katika uwanja wa Nyamagana, kuamua ubingwa wa taifa. Kwa kuwa mchezo ulipelekwa ziwani, mashabiki wa Dar es Salaam na pwani yote, waliozoea walau kumtuma mmoja wao uwanjani akarudi na habari, safari hiyo hawakuwa na tegemeo ila redio. Katika dakika ya 16 Adam Sabu akaipatia Simba bao, na ami, aliyekuwa Simba wa damu, akagawa kahawa bure. Kuanzia hapo bao hilo moja likasimama peke yake kwa zaidi ya saa nzima, na kadiri jua lilivyoshuka ndivyo sauti ya redio ilivyofifia, kwani betri zilikuwa zile zile zilizokwisha kuanikwa juani mara mbili.

Zilipobaki dakika chache, ami akaifunga redio. Alisema betri zipumzishwe kidogo ili mwisho usikike sawasawa. Watu wa Yanga hawakuyakubali maneno hayo. Walisema anaogopa, na kwamba mwenye redio hana haki ya kumaliza mchezo kwa kidole chake. Ugomvi ukapamba moto, mzee mmoja akasimama kuondoka, na redio ilipofunguliwa tena mambo yalikuwa yamekwisha kupinduka: katika dakika ya 87 Gibson Sembuli, mtu wa mikwaju mizito, alikuwa amesawazisha, na hapana hata mmoja katika barza ile aliyelisikia bao lenyewe. Katika muda wa nyongeza Sunday Manara, yule aliyepachikwa jina la Kompyuta, akafunga la pili, na hilo walilisikia wote, kwa sauti hafifu kama ya mtu asemaye ndani ya mtungi.

Yanga walishinda 2-1, lakini furaha ya watu wale ilikuwa na kasoro, na hapa ndipo kisa kinaponigusa. Walikuwa na matokeo, nao wakayaona hayatoshi. Jioni ile walimwendea kijana wa barza ya jirani, aliyekuwa na hafidhi nzuri, wakamketisha, wakamtaka awarudilie maneno ya mtangazaji neno kwa neno: nani aliupata mpira, upande gani, alimpita nani, kipa aliruka vipi. Kijana akalisimulia bao la Sembuli mara tatu, akalipwa halua. Ami aliapa mpaka kufa kwake kwamba zilikuwa ni betri.

Yaliyofuata yanajulikana: mabao sita ya Simba dhidi ya Yanga tarehe 19 Julai 1977, matatu yakiwa ya Abdallah Kibadeni, na mwaka 1979, Simba iliyofungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers kwenda kushinda 5-0 Lusaka, na Peter Tino kuipeleka timu ya taifa, Taifa Stars, kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za Lagos kwa bao la Ndola. Wengi wanaodai kuyaona mabao hayo waliyasikia, na hawasemi uongo.

Televisheni ilifika Tanzania Bara mwaka 1994, kisha yakaja mashindano ya Ulaya na vibanda umiza. Mwaka 2021 haki za kuionesha ligi yetu ziliuzwa kwa miaka kumi kwa shilingi bilioni 225.6, fedha ambazo vilabu vilizihitaji na sizilaumu. Ninacholaumu ni redio zenyewe kujitoa mapema. Saa ya mchezo, katika stesheni nyingi, utawakuta watu watatu studioni wakijadili usajili na kusoma matangazo ya kubeti, na pale ambapo mtangazaji amepelekwa uwanjani, aghalabu huzungumza kama mtu wa televisheni: hutaja jina la mchezaji, akanyamaza, akacheka na mwenziwe, asiseme mpira uko wapi. Mwenye macho na king'amuzi hapotezi kitu. Kipofu, mlinzi wa usiku, nahodha wa jahazi na mkulima asiye na umeme wamepoteza uwanja wao, na lugha ya Kiswahili imepoteza darasa ambalo halikumtoza mtu ada. Hayo ni madhara, na yafaa yaitwe kwa jina lake.

Kanda za RTD, zile zilizosalia, zinastahili kunakiliwa kabla utepe haujaoza, na hilo ni jukumu la serikali. Lakini nyumba nyingi pia zilikuwa na redio za kaseti, na watu walirekodi. Wewe msomaji, kama kuna kaseti ya mpira ndani ya kasha la baba yako, usiitupe wala usirekodi juu yake. Itoe, ipanguse vumbi, mtafute mwenye chombo cha kuihamisha, na mwite mzee wa nyumba aje kuisikiliza, maadamu yupo.